Mzazi, uliza haya kabla ya kumpeleka mwanao soba hausi

Kijana akianza kuuza vyombo vya ndani ili apate unga, mzazi huwa tayari kumkabidhi kwa yeyote anayeahidi kumponya. Naelewa. Lakini nakuomba usilipe hata shilingi kabla ya kuuliza maswali machache.

Je, nyumba hiyo imesajiliwa? Akipatwa na arosto, yaani maumivu, kutapika na kuharisha baada ya kukosa unga, yupo mhudumu wa afya wa kumsaidia? Ukiona watu wamefungwa minyororo, au ukizuiwa kumwona mwanao, ondoka naye.

Swali kubwa ni hili: akitoka, nani ataendelea naye? Mwili uliokaa miezi bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kile kile, anaweza kuacha kupumua na kufa. Hivyo, anayekuahidi kupona kabisa ndani ya mwezi, kisha akakurudishia kijana bila ushauri nasaha wala ufuatiliaji, amekuachia hatari mlangoni.

Kwa mraibu wa heroini, ulizia pia kliniki ya methadoni. Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2011, na sasa ipo katika mikoa kadhaa, bila malipo. Kijana hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, kisha hurudi nyumbani. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mbona mgonjwa wa kisukari hatumlaumu kwa insulini?

Uraibu ni ugonjwa. Ulizia tiba kwanza, kabla hujakopa ada.