Bima ya Mstaafu Ikatwe Katika Pensheni

Mtumishi wa umma hufundisha, hutibu na hulinda taifa hadi atimizapo miaka 60. Kisha huambiwa aende nyumbani akangojee pensheni. Hapo ndipo maradhi humwandama, na hapo ndipo bima humponyoka.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa NHIF iliyoasisiwa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara, kanuni za 2024 zilitaka mapato ya kaya yake yapimwe, alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa pato la shilingi 20,000 kwa mwezi, huo ni mzigo wa shilingi 6,600 kwa mkupuo; makato ya mwezi yangekuwa 550 tu. Mzee akakope kwa nini, ilhali serikali inayomdai ndiyo imlipayo?

Twadai basi: mstaafu akiridhia kwa maandishi, mchango wake ukatwe katika pensheni kila mwezi, naye apewe stakabadhi. Asiyeridhia asikatwe. Na pensheni ikicheleweshwa, mlango wa hospitali usifungwe: mwenye deni ni serikali, si mgonjwa.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 chawaahidi wazee heshima, na matunzo ya jamaa zao na ya Dola. Hatuombi sadaka. Twadai haki iliyokwisha kulipiwa kwa jasho.