Kundi Lenye Kauli ya Mwisho katika Bunge la Ulaya

Kundi la EPP, yaani Chama cha Watu wa Ulaya, ndilo kubwa kuliko makundi yote ya Bunge la Ulaya. Ndani yake wamo wabunge wa vyama vya wastani vya mrengo wa kulia: CDU na CSU za Ujerumani, Partido Popular ya Uhispania, chama cha Donald Tusk cha Poland, Forza Italia, Nea Dimokratia ya Ugiriki, ÖVP ya Austria, Fine Gael ya Ireland na vingine vingi. Tangu uchaguzi wa 1999 hakuna kundi lililolipita kwa idadi ya viti. Baada ya uchaguzi wa Juni 2024 lilianza kipindi kipya likiwa na wabunge 188 kati ya 720. Roberta Metsola wa Malta, aliyechaguliwa Spika wa Bunge mwaka 2022 na tena 2024, ametoka humo, na Ursula von der Leyen, Rais wa Halmashauri ya Ulaya, anatoka katika familia hiyo hiyo ya vyama.

Historia yake ni kongwe kuliko jina lake. Mwaka 1952 Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg ziliunda Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya Ulaya, na baraza lake la wajumbe 78, waliotumwa na mabunge ya nchi zao, likakutana Strasbourg. Juni 1953 kanuni za baraza hilo zilitambua makundi ya kisiasa, na matatu yakaundwa: la Wademokrasia wa Kikristo, ambalo ndilo EPP ya leo, la Wasoshalisti na la Waliberali. Tangu hapo mjumbe alikaa na wenzake wa itikadi moja, si na wenzake wa nchi moja. Hapo ndipo Bunge hili linapotofautiana na Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, ambako kila nchi mwanachama ina wabunge tisa waliochaguliwa na bunge la taifa lao.

Wademokrasia wa Kikristo wa miaka hiyo walikuwa na waasisi watatu wanaotajwa hadi leo. Robert Schuman wa Ufaransa alikamatwa na polisi wa Hitler mwaka 1940. Konrad Adenauer wa Ujerumani aliondolewa katika umeya wa Cologne Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933. Alcide De Gasperi wa Italia alifungwa na utawala wa Mussolini. Wote watatu walikuwa Wakatoliki, na wote waliamini kwamba mataifa yaliyopigana hayataacha kupigana mpaka yafungwe pamoja kwa sheria na biashara. Imani hiyo ilizaa misingi ambayo kundi linaitangaza mpaka sasa: uchumi wa soko unaobeba wajibu kwa wanyonge, heshima ya utu, nafasi ya familia, na kanuni kwamba jambo liamuliwe na ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi inayoweza kulimudu. Kundi si la kidini, na mtu haulizwi dini yake ili aingie.

Chama chenyewe cha EPP kiliundwa Luxembourg Julai 1976, Leo Tindemans wa Ubelgiji akiwa mwenyekiti wa kwanza, kujiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa mwaka 1979. Kuanzia hapo kundi lilipanuka kuelekea kulia. Mwaka 1992 Wahafidhina wa Uingereza waliingia, ingawa hawakupenda sana umoja wa kisiasa wa Ulaya. Walikaa hadi 2009, wakatoka na kuunda kundi lao la ECR. Upanuzi huo ulileta viti, na ukaleta pia ugomvi wa ndani ambao haujaisha: kundi lisimame wapi kuhusu vyama vilivyo kulia kwake zaidi?

Mfano ulio wazi ni Fidesz, chama cha Viktor Orbán wa Hungary. Kwa miaka mingi kilikuwa mwanachama, huku kikilaumiwa kwa kubana mahakama, vyombo vya habari na vyuo vikuu. Chama cha EPP kilikisimamisha Machi 2019. Machi 2021 kundi lilibadilisha kanuni zake ili liweze kusimamisha ujumbe mzima wa nchi, na siku hiyo hiyo Orbán akawatoa wabunge wake. Mwaka 2024 viti vya Hungary ndani ya EPP vilichukuliwa na Tisza, chama cha mpinzani wake Péter Magyar. Ilikuwa sawa Fidesz kuondoka. Kosa ni kwamba kundi lilingoja miaka mingi mno, likihesabu viti wakati wanachama wake wenyewe walikuwa wakilalamika.

Utendaji wa kundi hufuata ratiba ya Bunge. Kila mwaka kuna vikao 12 vya Strasbourg, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Wiki za kamati na za makundi hufanyika Brussels. Kundi la kisiasa lazima liwe na angalau wabunge 23 kutoka robo ya nchi wanachama, yaani nchi saba. Likitimiza hayo hupata fedha, watumishi, wakalimani, muda wa kuzungumza na sehemu yake ya uenyekiti wa kamati, kulingana na ukubwa wake. EPP huongozwa na Manfred Weber wa CSU tangu 2014. Chini ya mwenyekiti wapo makamu wake, wakuu wa ujumbe wa kila nchi, na mratibu katika kila kamati.

Sheria haianzii ukumbini. Halmashauri ya Ulaya hupeleka muswada, kamati humteua mbunge mmoja kuandika ripoti, na kila kundi jingine huteua mbunge wake wa kufuatilia. Hao wachache ndio wanaoketi na kupatana neno kwa neno. Kisha makundi hukutana, na kila mbunge hupewa orodha ya kura: mbele ya kila marekebisho kuna alama ya kujumlisha kwa ndiyo, ya kutoa kwa hapana, au sifuri kwa kutopigia upande wowote. Siku ya kura mamia ya marekebisho yanaweza kupita kwa muda mfupi, na mbunge asiyejua undani wa jambo hufuata alama hizo. Kwa hiyo mwananchi anayemwandikia mbunge usiku wa kuamkia kura amechelewa.

Alama hizo hazimfungi mbunge. Julai 2023 EPP ilitaka Bunge liukatae muswada wa kurejesha mazingira ya asili. Hoja hiyo ilipata kura 312, na 324 zikaipinga, kwa sababu baadhi ya wabunge wa kundi lenyewe hawakukubaliana nayo. Bunge hili halina upande wa serikali wala upinzani wa kudumu kama Dodoma au Nairobi. Kila sheria hutafuta wingi wake upya.

Nguvu halisi ya EPP inaonekana katika hesabu. Bunge la wabunge 720 linahitaji 361 kwa wingi kamili. Mwanzoni mwa kipindi hiki Wasoshalisti walikuwa 136, Waliberali wa Renew 77, Wakijani 53, na kundi la The Left 46. Jumla yao ni 312, hawafiki. Upande wa pili, Patriots walikuwa na 84, ECR 78 na ESN 25. Jumla yao ni 187, nao hawafiki. EPP ikiungana na Wasoshalisti na Renew, jumla ni 401. Ikiungana na makundi matatu ya kulia kwake, jumla ni 375. Njia zote mbili zinapita kwake. Julai 2024 ilitumia njia ya kwanza kumrudisha von der Leyen madarakani. Katika sheria kadhaa za mazingira na uhamiaji imetumia ya pili, au imetishia kuitumia ili washirika wake walegeze masharti.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kupitia kahawa. Aprili 2023 Bunge lilipitisha, kwa kura 552 dhidi ya 44, sheria inayozuia kuuza katika Umoja wa Ulaya bidhaa zilizotoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kahawa, kakao na mbao zimo. Mwandishi wa ripoti alikuwa Christophe Hansen wa Luxembourg, mbunge wa EPP. Sheria inadai mahali palipolimwa pajulikane kwa vipimo vya ramani: nukta moja kwa shamba lisilozidi hekta nne, na mipaka yote kwa lililo kubwa zaidi. Mkulima wa Kagera, wa miteremko ya Elgon au wa Ngozi, mwenye robo hekta ya mibuni chini ya migomba, hana kifaa cha kupimia wala ofisi ya kuhifadhi kumbukumbu. Kazi hiyo inaangukia chama chake cha ushirika.

Vyama vya ushirika na mamlaka za kahawa vilianza kuandikisha mashamba. Kisha, Novemba 2024, kundi lile lile lililotoa mwandishi wa ripoti lilipeleka marekebisho ya kuilegeza sheria, na yakapita kwa msaada wa makundi ya kulia kwake. Katika mapatano na serikali za nchi wanachama marekebisho hayo yaliondolewa, lakini utekelezaji ukaahirishwa kwa mwaka mmoja. Mwishoni mwa 2025 ukaahirishwa tena. Hoja ya EPP kwamba masharti yalikuwa mazito kwa mkulima mdogo na mfanyabiashara mdogo ina ukweli. Lakini kuahirisha mara mbili kumewaadhibu waliotii mapema: ushirika uliotumia fedha kupima mashamba umebaki na gharama, na mnunuzi hana sababu ya kuulipa zaidi.

Katika biashara kundi limekuwa thabiti zaidi. Lilikuwa miongoni mwa waliounga mkono mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya, uliotiwa saini Nairobi Desemba 2023, ukaridhiwa na Bunge Februari 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kwa mkataba huo maua ya Naivasha, chai na maharage mabichi ya Kenya yana uhakika wa kuingia Ulaya bila ushuru. Kwa familia nyingi zilizo ughaibuni hilo linahusu kibarua cha ndugu aliyebaki nyumbani.

Katika uhamiaji, msimamo wa kundi ni mkali na umezidi kuwa mkali. Ilani ya EPP iliyopitishwa Bucharest Machi 2024 ilitaka mwombaji hifadhi aweze kupelekwa nchi ya tatu iliyo salama na shauri lake lisikilizwe huko, na ikataka shirika la ulinzi wa mipaka, Frontex, liwe na watumishi 30,000. Aprili 2024 kundi lilikuwa nguzo ya wingi uliopitisha mkataba mpya wa uhamiaji na hifadhi, unaoweka uchunguzi wa haraka mipakani na mgawanyo wa wajibu kati ya nchi. EPP husema pia kwamba Ulaya inahitaji wafanyakazi wenye ujuzi wanaoingia kwa njia halali. Mpaka sasa sheria za kuzuia zimekwenda kasi kuliko sheria za kufungua njia hiyo. Kundi linalotaja utu na familia miongoni mwa misingi yake linastahili kupimwa hapo: je, muuguzi, dereva au fundi aliyefuata taratibu zote anaweza kuja na kuishi na mwenzi na watoto wake bila kusubiri miaka?

Jumuiya za Waswahili wa Ulaya hazina sababu ya kulitazama kundi hili kwa mbali. Matongé, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka majengo ya Bunge. Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove katika Katanga, alikaa katika Bunge hilo kati ya 2014 na 2019 kwa tiketi ya Italia, ingawa alikuwa upande wa Wasoshalisti. Wakfu wa Konrad Adenauer, ulio karibu na CDU, una ofisi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wengi waliosoma nyumbani wamewahi kuhudhuria semina zake. Wapo pia wanajumuiya wenye maduka, wanaoheshimu dini na familia, ambao fikra zao kuhusu kodi na malezi hazitofautiani sana na za wapiga kura wa EPP. Kukubaliana nalo au kulipinga ni hiari ya kila mtu, lakini kulipuuza ni hasara kwa wote.

Njia za kushiriki zipo na ziko wazi. Raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya anaweza kupiga kura katika nchi ya Umoja anamoishi, hata kama si nchi yake, mradi ajiandikishe. Katika uchaguzi wa 2024 umri ulikuwa miaka 16 Ujerumani, Austria, Ubelgiji na Malta, 17 Ugiriki, na 18 kwingineko. Ndugu walioko Uingereza waliipoteza haki hiyo nchi yao ilipojitoa Januari 2020. Mkazi asiye na uraia hapigi kura, lakini mkataba wa Umoja wa Ulaya unampa haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa Bunge, kwa lugha rasmi yoyote kati ya 24. Kura zinazopigwa kwa majina huchapishwa, hivyo mbunge anaweza kuulizwa alisimama wapi.

Uchaguzi ujao ni 2029. Mwenye haki ya kura ajiandikishe mapema, na viongozi wa kila jumuiya wawajue wabunge wa EPP wa nchi yao na kamati walizomo, wawafikie muswada ukiwa bado katika kamati. Usipoziba ufa utajenga ukuta.