Mombasa yahesabu magari na vitanda vya hoteli, waendao kwa miguu wasahauliwa

KILA Desemba inapokaribia, habari kutoka Pwani huwa ni zile zile. Hoteli zimejaa, tikiti za treni hazipatikani, na foleni ya magari imefika Daraja la Nyali. Ni nadra kumsikia afisa akieleza ni watu wangapi watakaovuka barabara kwa miguu msimu huo, wala watavukia wapi.

Suala hili si dogo. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), watu 4,748 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka wa 2024. Kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la waendao kwa miguu.

Katika miji ya watalii, hata hesabu yenyewe hupotosha. Sensa ya 2019 ilipata wakazi 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mtu akiigawa idadi ya vifo kwa wakazi hao, atapata kiwango kisichosema kweli, kwani Desemba mji hupokea wageni wengi kutoka bara na ng'ambo, na mvua za Mei zinaponyesha wengi wao hawapo. Hivyo polisi wanapotangaza kwamba ajali zimeongezeka msimu wa sikukuu, hatuwezi kujua iwapo barabara zimekuwa hatari zaidi au ni watu tu waliozidi. Na bila kujua hilo, ni vigumu kuamua kama dawa ni matuta, taa, au askari wa trafiki.

Chukua mfano wa Diani. Barabara kuu hupita sambamba na ufuo, hoteli zikiwa upande wa bahari, ilhali wafanyakazi wengi huishi upande wa Ukunda. Mpishi au mhudumu anayemaliza zamu usiku hurudi kwa miguu gizani, au hupanda bodaboda. Hakuna kitanda cha hoteli kinachomhesabu huyu, ingawa bila yeye hoteli haiendeshwi.

Mgeni naye ana hatari yake. Mjerumani au Mwitaliano amezoea magari yanayopita upande wa kulia. Akifika kwetu, hutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, na matatu humjia kutoka kulia. Maandishi machache ya rangi nyeupe kwenye lami, yakimwelekeza atazame wapi, yangegharimu kidogo sana, London wanayo.

Kisha kuna suala la kasi. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilipendekeza 30 pale ambapo watu na magari huchanganyika. Sijui ni wapi kando ya Fort Jesus, Digo Road au Mapembeni ambapo hawachanganyiki!

Serikali zetu huamka baada ya mkasa mkubwa. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994, watu 272 waliangamia. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri Likoni, mama na bintiye wakafariki, na taifa zima likafuatilia kwa siku nyingi wapigambizi wakiwatafuta. Ilikuwa haki kufuatilia. Lakini anayegongwa peke yake saa nne usiku huko Bamburi hapati kamati ya uchunguzi, na ni hao wanaokufa mmoja mmoja ambao jumla yao ni kubwa.

Kupima mwendo wa watu hakuhitaji mitambo ya bei ghali. Vijana wa vyuo wakiwa na karatasi na kalamu wanaweza kusimama Likoni, Mapembeni na makutano ya Ukunda kwa juma moja Mei, moja Agosti na jingine Desemba, mchana na usiku. Wahesabu waendao kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, tuktuk na bodaboda, si magari peke yake. Waandike pia mara ambazo mtu ameponea chupuchupu, kwani matukio hayo hufichua mahali pabaya kabla ya mtu kufa.

Matokeo yabandikwe hadharani, kando ya takwimu za vitanda vya hoteli, kabla ya kaunti kutenga pesa za barabara katika bajeti ya Juni.