Nani Kawaita Wageni?

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilibadilishana nchi za watu. Mwingereza akatoa Helgoland, kijisiwa cha mawe katika Bahari ya Kaskazini. Mjerumani akaachia Witu, hapa kwetu Lamu, na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Miaka 20 baadaye Wajerumani wakaanzisha kituo cha kuchunguza ndege wahamaji kwenye kisiwa hicho. Kipo hadi leo. Ndege hunaswa, huvishwa pete yenye namba mguuni, hupimwa, kisha huachiliwa.

Kazi nzuri, siibezi. Ugomvi wangu ni na lugha tuliyorithi pamoja na elimu hiyo. Ati mbayuwayu ni "ndege wa Ulaya" anayekuja Afrika kukimbia baridi. Ati vitwitwi wa Mida, pale Watamu, ni "wageni".

Hebu tuhesabu. Yuko kitwitwi mwenye mdomo uliopinda anayetaga Siberia mwezi Juni. Agosti utamwona tena kwenye matope ya Mida, na hapo atakaa hadi Aprili. Wengi wa makinda yake hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza, wanabaki pwani. Sasa mtu anayeishi kwako miezi minane, akaenda ng'ambo kujifungua na kurudi, utamwita mgeni?

Jina hili lina madhara. Mgeni hana shamba wala urithi. Mikoko ikikatwa, au delta ya Tana, jirani wa Witu ileile, ikipimwa ili ipandwe miwa, jibu huwa jepesi: hao ndege ni wa Wazungu, waacheni Wazungu wawalilie.

Si kwamba tumelala kabisa. Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege huvishwa pete tangu 1969. Lakini hiyo ni kazi ya majuma machache, usiku wa ukungu, kuelekea mwisho wa mwaka. Pwani inataka kituo cha mwaka mzima, na visiwa tunavyo: Pate, Manda, Kiwayu. Kaunti zitenge pesa. Waajiriwe wavuvi wanaojua maji kupwa na kujaa kuliko mtafiti yeyote, na daftari liandikwe Kiswahili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitwitwi alishapita siku ya tatu zamani sana. Tumwandike basi kwenye daftari la wenyeji, na tulinde matope yake kama tunavyolinda shamba la ndugu aliyesafiri.