Mkataba tumeuridhia, kitabu cha asiyeona kiko wapi?

 

Ndugu msomaji, katika madrasa moja niliyopata kufundisha wilayani Kahama alikuwapo kijana asiyeona. Wenziwe walikuwa na mbao na misahafu, yeye alikuwa na masikio. Alikaa karibu na mlango akisikiliza darsa la wakubwa, na kabla walimu hatujatanabahi alikuwa amekwisha kuhifadhi juzuu ambazo wenye macho walikuwa bado wakizifuata kwa kidole. Tulimsifu sana. Lakini katika shule aliyosoma masomo ya dunia sifa zetu hazikumfaa kitu, kwani jiografia haikuwa na qari wala historia haikuwa na kaseti. Alitegemea huruma ya mwenzake wa dawati amsomee, na mwenzake alipochoka au kuugua, siku hiyo elimu ilikatika. Hakumaliza. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi, na sina hakika kwamba mimi mwenyewe nilifanya lililonipasa, kwa kuwa nilikuwa na redio ya kaseti nyumbani na sikuwahi kumrekodia ukurasa mmoja.

Hebu tulitazame suala hili kwa mapana yake. Tarehe 27 Juni 2013, katika mji wa Marrakesh nchini Moroko, mataifa yalipitisha mkataba unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa sauti, maandishi ya nukta nundu au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, bila ya kuomba idhini ya mwenye hakimiliki kitabu kwa kitabu. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania mwaka 2020. Wanaonufaika si vipofu pekee. Wamo wenye uoni hafifu, wamo wenye matatizo ya kusoma, na wamo wale ambao kwa ulemavu wa mwili hawawezi kushika kitabu wala kufungua kurasa. Katika ukanda wetu wa migodi maneno hayo ya mwisho yana uzito wa pekee. Mchimbaji mdogo aliyeangukiwa na kifusi akapoteza mikono, au aliyerukiwa na vipande vya mawe usoni baruti ilipolipuka, naye amo ndani ya mkataba huo, ijapokuwa pengine hajapata kuusikia.

Jambo la pili katika mkataba huo ni kubwa zaidi, nalo halizungumzwi sana. Unaruhusu nakala iliyotengenezwa katika nchi moja mwanachama ivuke mpaka na kutumiwa katika nchi nyingine mwanachama. Maana yake ni kwamba kitabu cha Kiswahili kilichosomwa na kurekodiwa Nairobi chaweza kumfikia kihalali msomaji wa Kahama, na cha Dar es Salaam kikafika Mombasa au Kampala. Vitabu vya Kiingereza tutavipata huko nje. Maktaba ya Bookshare ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina vitabu zaidi ya milioni moja. Kiswahili je? Hapana shaka yoyote kwamba Mmarekani hatatusomea riwaya za Shaaban Robert, wala Mwingereza hatarekodi kitabu chetu cha kiada cha uraia. Kazi hiyo ni ya wenye lugha, na wenye lugha ni sisi.

Wenzetu walianza zamani. Marekani ilikuwa na vitabu vya kusikiliza katika santuri mwaka 1934, na Uingereza mwaka 1935, ambako wengi waliofikiriwa kwanza walikuwa askari waliopofushwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye zikaja kaseti, kisha mfumo uitwao DAISY, uliobuniwa Sweden katika miaka ya 1990. Tofauti ya mfumo huu na rekodi ya kawaida ni hii: rekodi ya kawaida ni kama kamba ndefu, ukitaka fundo la katikati huna budi kuivuta kutoka mwanzo. DAISY huweka alama katika sura, vifungu na kurasa, na mwanafunzi akiambiwa na mwalimu afungue ukurasa wa 84, anaufungua kama wenzake. Kwa kitabu cha hadithi tofauti hiyo si kubwa, bali kwa kitabu cha shule ndiyo elimu yenyewe.

Kwa upande wetu Waislamu, elimu ya kupitia sikio si jambo geni. Qur'ani ilipokewa kwa kusikilizwa kabla ya kukusanywa katika msahafu, na hadi leo hakuna anayejifunza tajwidi kwa macho matupu. Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona ambaye kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Sura Abasa, alikuwa muadhini, na Mtume (S.A.W.) alipata kumwachia Madina aiangalie alipokuwa safarini. Katika zama za karibu, Taha Husayn wa Misri, aliyepofuka utotoni, alipita al-Azhar, akapata udaktari wa falsafa Paris, na akawa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1950 hadi 1952. Lakini tusimtaje kama muujiza. Alikuwa na watu wa kumsomea, akiwamo mkewe, mwaka baada ya mwaka.

Sasa turudi Shinyanga. Katika manispaa yetu ipo shule ya Buhangija, ambayo imewapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Wengi wa watoto wenye ualbino hawakupelekwa pale kwa ajili ya masomo. Walipelekwa kufichwa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilienea Kanda ya Ziwa, likichochewa na waganga waliowadanganya watu kwamba viungo vya binadamu huleta dhahabu kwa mchimbaji na samaki kwa mvuvi. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa Bukombe, ikiwa ndiyo hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Watoto walijaa Buhangija hadi mabweni yakazidiwa.

Watoto hawa tumezoea kuwafikiria kwa habari ya ngozi na mapanga, tukasahau macho yao. Ualbino huandamana na uoni hafifu. Mtoto huyu haoni ubao hata akikaa mstari wa mbele, na mwanga wa jua humuumiza. Miwani humsaidia kwa kiasi, maandishi makubwa humsaidia zaidi, lakini kitabu cha kurasa mia mbili humchosha macho kabla ya kufika katikati. Tumemlinda asiuawe, na hilo ni jambo jema, kisha tukamwacha asome kwa kubahatisha. Akimaliza shule bila ya elimu ya maana atarudi kijijini akiwa tegemezi, mahali palepale alipotoka akikimbia.

Wapo wanaosema huduma kama hii ni ya nchi tajiri. Nawaomba tufanye hesabu. Kitabu cha kurasa 200 msomaji mzuri hukisoma kwa sauti kwa saa saba au nane. Saa moja ya sauti ya maneno katika mtindo wa mp3 haizidi sana megabaiti 30. Kadi ya simu ya gigabaiti 32 basi hubeba saa elfu moja, yaani vitabu zaidi ya mia moja, na kadi hiyo inauzwa katika kila stendi ya mabasi kutoka Tinde hadi Katoro. Aidha, njia ya kuisambaza ipo tayari. Nani asiyevijua vibanda vya vijana wanaoingiza nyimbo na mawaidha katika memori kadi? Mawaidha ya masheikh wetu yamefika kwenye machimbo kwa njia hiyo, hatukusubiri intaneti. Na kwa aliye mbali kuna posta: kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, vifaa vya wasioona vimesamehewa ada ya kawaida ya posta.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kila kitu kimwagwe vibandani. Mkataba umewafungulia mlango wenye ulemavu wa kusoma, haukumfungulia kila mtu. Mwandishi wa Kiswahili hatajiriki kwa kitabu chake, na kumnyang'anya kidogo alichonacho kwa kisingizio cha kipofu ni dhuluma mbili kwa mpigo mmoja. Kadi iandaliwe na taasisi inayotambuliwa, iwe ni maktaba ya mkoa, shule au chama cha wasioona, na itolewe kwa anayestahiki. Kijana wa kibanda anaweza kufundishwa kuitengeneza ikiharibika, basi.

Aidha, sauti isiondoe nukta nundu. Mtoto anayesikiliza tu hajui kama neno linaandikwa kwa "dh" au "z", na hesabu za mafungu haziingii sikioni. Mashine za kuandikia nukta nundu ni ghali na karatasi zake ni nzito, na kwa sababu hiyo kuna hatari kwamba wakubwa wataona kadi ya simu ni rahisi na kuacha kununua mashine. Walimu wa Buhangija na wengineo walikemee hilo mapema. Vilevile programu za kompyuta zinazosoma maandishi, kama NVDA ambayo hutolewa bure, zina sauti ya Kiswahili, ila ni sauti kavu isiyo na pumzi. Inafaa kwa barua na magazeti. Kwa kitabu cha saa nane naona bado tunahitaji binadamu.

Na binadamu hao tunao. Walimu wastaafu wamekaa barazani, na mabinti zetu wa vyuo wana Kiswahili fasaha na simu nzuri za kurekodia. Chumba kinachofaa ni kile chenye mazulia na mapazia, na misikiti mingi ina ofisi ya namna hiyo inayokaa tupu kutwa. Sharti ni moja, msomaji asome kilichoandikwa na asiongeze maoni yake, jambo ambalo kwa sisi masheikh ni gumu kidogo.

Ama fedha, tusijifanye hatuzioni. Mgodi mkubwa wa Geita umezalisha dhahabu tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu upo jirani. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali hapo. Madarasa, zahanati na madawati vimetajwa sana katika mipango hiyo. Rekoda, vipaza sauti viwili na posho ya wasomaji kumi havifiki bei ya darasa moja. Dhahabu ndiyo iliyotumiwa kama kisingizio cha kuwaua watoto hawa, na haitakuwa ajabu ikiwagharamia vitabu.

Ndugu wazazi wenye watoto wasioona au wenye uoni hafifu, mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na vikao vya bajeti vya halmashauri hutangulia kwa miezi kadhaa. Diwani wako asisubiriwe hadi wakati wa kampeni. Barua iandikwe sasa, itaje mkataba wa Marrakesh kwa jina, itaje idadi ya watoto katika kata yenu na vitabu vya darasa lao, na nakala moja ipelekwe kwa mkutubi wa mkoa. Asiyeweza kuandika aje msikitini baada ya swala ya Ijumaa, wapo vijana watakaomwandikia.