Tupa Iliyoziba Meno



Hapo kale majembe ya Wanyakyusa yalitoka kwa wahunzi wa Kikinga, huko milima ya Livingstone, na mtu alikitunza chuma chake kama atunzavyo ng'ombe. Siku hizi tupa hununuliwa dukani, nasi twaitupa upesi. Nami ni mmoja wa wenye kosa hilo.

Kijana mmoja ajifunzaye ufundi alipewa na bwana wake tupa mpya, alainishe ukingo wa sufuria. Baada ya kitambo tupa haikula tena, ilikwaruza tu. Akanijia kwa hofu. Nikaona meno yamejaa alumini, nikamwambia, "Itie motoni, iyeyuke itoke." Akatii. Ilipopoa, tupa ilikuwa laini kama msumari.

Sasa naijua sababu. Alumini huyeyuka katika joto la nyuzi 660, bali ugumu wa tupa huanza kupotea hata haujafika nusu ya joto hilo. Moto huiua tupa kwanza.

Njia iliyo njema ni hii. Twaa brashi fupi ya nyuzi za chuma, uipitishe kwa kuifuata mistari ya meno, wala si kuikata. Chembe zilizo kaidi, zisukume kwa kipande cha shaba kilichopondwa ncha. Meno yenyewe yataichonga ile shaba iwe kama kitana, ipate kuingia katika kila mfereji. Kisha, kabla ya kurudi kazini, isugue tupa kwa chaki, ile ile ya shuleni, nayo itazuia alumini isishike tena.

Ikiwa imeshikamana kabisa, mafundi hutumia kostiki, yaani soda kali ya kupikia sabuni. Akina mama wajua jinsi magadi yanavyoitia sufuria weusi. Hii ni kali kuliko magadi, hula alumini na kukiacha chuma cha pua. Walakini shaba haiiondoi. Tia soda kidogo katika maji baridi, kamwe usimimine maji juu ya soda. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje, mbali na moto, kwa maana hewa itokayo katika povu lile huwaka. Watoto wasiwepo, kwani tone moja laweza kumpofusha mtu. Chombo kisiwe sufuria ya alumini, la sivyo utakosa tupa na sufuria pia! Ukiisha, osha kwa maji mengi, ukaushe papo hapo. Mvua zetu mwazijua, na kutu haikawii.

Yule kijana alikatwa fedha ya tupa, wala hakunitaja. Nilikawia majuma mawili, ndipo nikaenda kwa bwana wake kukiri na kulipa. Akanitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha kumtafuta kijana mwingine wa kushika mahali pake."