Maktaba za programu bila maelezo ni ghala bila daftari

Wafanyabiashara wengi siku hizi huweka hesabu za mauzo katika kompyuta, na wawekezaji wadogo wadogo hutumia programu kufuatilia bei za hisa. Wachache hufahamu kwamba sehemu kubwa ya programu hizo haikuandikwa na kampuni iliyowauzia. Imeundwa kwa maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, vingi vikiwa kazi ya wataalamu wa kujitolea, na kutolewa bure ili kila mtu avitumie.

Bure ni bei nzuri. Hata hivyo, kwa maoni ya safu hii, thamani ya maktaba imo katika maelezo yanayoambatana nayo na katika mpangilio wa ghala inamotunzwa.

Mfano mzuri ni lugha ya R, inayotumiwa sana na watakwimu na wachambuzi wa masoko ya fedha. Ghala lake liitwalo CRAN lilianzishwa Vienna, Austria, mwaka 1997, na sasa lina maktaba zaidi ya 20,000. Kila maktaba lazima itaje msimamizi na anwani yake ya barua pepe, leseni, na maelezo ya kila amri anayopewa mtumiaji. Hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Ikipata hitilafu na msimamizi asiirekebishe, huondolewa rafuni, lakini nakala zake za zamani hutunzwa. Aidha, wataalamu wameandaa orodha za maktaba kwa mada, ikiwamo mada ya fedha, ili mtumiaji asitangetange.

Linganisha na yaliyotokea Machi 2016 katika npm, ghala la maktaba za lugha ya JavaScript. Mwandishi mmoja, baada ya mzozo kuhusu jina la maktaba yake, aliondoa kazi zake zote. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, lakini maelfu ya programu ziliitegemea. Kazi za waandishi wengi wa programu zilikwama hadi iliporudishwa muda wa saa mbili hivi baadaye. Ndipo npm ilipobana masharti ya kuondoa maktaba. Daftari lilipangwa baada ya hasara.

Wapo wanaosema masharti makali huwakimbiza wanaojitolea. Hoja hiyo ina uzito, kwani kuandika maelezo ni kazi ngumu isiyo na malipo. Lakini gharama hiyo haipotei. Humwangukia mtumiaji, ambaye humlipa fundi siku nzima akisie jambo ambalo ukurasa mmoja ungelieleza. Ikumbukwe pia kwamba ukaguzi wa CRAN si hakikisho kuwa hesabu ya faida yako ni sahihi. Lebo hukueleza kilichomo. Kuonja ni juu yako.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa programu, mwulize muuzaji maswali matatu: imeundwa kwa maktaba zipi, nani anazisimamia, na maelezo yake yako wapi. Akibabaika, tafuta mwingine. Nazo kampuni zinazovuna faida kutokana na kazi hizi za bure zigharamie uandishi wa maelezo hayo.

Wahenga walisema chema chajiuza. Katika soko hili, chema kisicho na maelezo hudoda.